Mbao Zilizonyimwa Mvuke

Siku ya kumi na nane Mama Boila alitoa kipande cha kupimia ndani ya tanuri, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akakiweka kwenye mizani. Alisubiri mshale utulie. Ulipotulia, alikiondoa kile kipande, akaipuliza mizani, akakiweka tena, kama mtu anayedhani mizani haikumsikia vizuri mara ya kwanza. Mshale ukarudi palepale. Kipande kilikuwa kizito kuliko kilivyotakiwa kuwa, na uzito wote uliozidi ulikuwa maji.

"Ee Mungu wangu," alisema kimoyomoyo. "Siku tatu tu."

Jina lile la Mama Boila alipewa na watu wa karakana, naye hakuwahi kulikataa. Boila yenyewe ilikuwa tangi kuukuu la chuma, refu kupita mtu. Chini yake uliwaka moto wa maranda, na mvuke uliotoka humo ulipita kwenye mabomba mpaka chumba cha matofali zilikopangwa mbao, feni zikausambaza ule ujoto huku na huku. Mume wake ndiye aliyeyaunga mabomba yale moja moja, miaka mingi iliyopita. Kifua kilipomchukua, watu walidhani na boila imekufa naye. Asubuhi ya tatu baada ya mazishi wakaona moshi. Hakuna aliyemfundisha mjane yule kazi. Alijifunza kwa macho, miaka yote aliyokuwa akimpelekea mumewe chai na kusimama pembeni akisubiri kikombe.

Chumba alichoishi kiliegemea ukuta wa boila. Bomba linalorudisha maji lilipita humo ndani, chini ya dirisha, na mama mkwe wake alikuwa amesogezewa kitanda hapo ili aweke miguu juu ya bomba. Baridi yabisi ilikuwa imemfunga bibi yule tangu magotini hadi vidoleni. Bomba likiwa na moto, aliweza kukaa na kushika kikombe mwenyewe. Likipoa, alilishwa kama mtoto.

Kwa hiyo Tajiri, mwenye karakana, aliposema maneno yake pale uani wiki tatu nyuma, Mama Boila hakuwaza boila kwanza. Aliwaza ile miguu.

Tajiri alikuwa amesema hivi: "Nimechoka kusikia kila mtu anasifia moto wake. Mzigo ni mmoja, miti ni ileile, nimeugawa mara tatu. Mwenye mvuke, mwenye umeme, mwenye jua, kila mtu na tanuri lake. Baada ya wiki tatu nakuja na kipima unyevu. Kikisoma kumi na mbili kwa mia au chini, unabaki. Unyevu ukizidi, tunapeana mikono ya kuagana."

"Na boila, Tajiri?" mtu mmoja aliuliza.

"Ikishindwa inakwenda chuma chakavu. Na kile chumba kinachoiegemea kitavunjwa, maana ukuta ni mmoja."

Alisema hivyo bila chuki. Ndiyo maana yalimwingia Mama Boila mpaka kwenye mifupa.

Sasa zilibaki siku tatu na mbao zake zilikuwa bado kwenye kumi na tisa. Kosa halikuwa la boila. Wiki ya pili mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, bati la banda la maranda likavuja, na maranda yaliyolowa hayawaki, yananuna. Siku nne nzima alikuwa akilisha moto moshi.

Saa nne, muda wa chai, watu walikaa kwenye magogo pale uani. Injinia alikuja na kikombe chake. Alikuwa kijana mwenye elimu, mpwa wa Tajiri, na tanuri lake lilikuwa kontena la chuma lililozibwa kila upande, ndani lina hita za umeme na mashine ya kukamua maji kutoka hewani.

"Shikamoo, Mama Boila."

"Marahaba, mwanangu. Umefika ngapi?"

"Kumi na tatu na nusu. Kesho kutwa nanyoosha miguu. Wewe je?"

"Bado natembea."

"Unatembea kwenda wapi, mama yangu? Hiyo boila yako inakula kama mgeni wa harusi. Gunia la maranda, gunia la maranda, halafu inacheua moshi. Mimi nabonyeza tu. Hita inawaka, mashine inakamua, maji yanatoka kwenye kibomba nayaona kwa macho, ndoo baada ya ndoo. Jivu sina. Kikohozi sina."

"Na umeme ukikatika?"

"Ukikatika unarudi."

"Juzi haukurudi mpaka jioni," alidakia mtu wa tatu, "tukakuona unalipepea kontena kwa kofia."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Aliyesema alikuwa Bwana Nailoni, mtu mwembamba, mpole, aliyeitwa hivyo kwa sababu tanuri lake lilikuwa kibanda cha fito kilichofunikwa nailoni, na ndani yake mabati yaliyopakwa rangi nyeusi ili yanywe jua.

Injinia naye hakukubali. "Wewe nyamaza. Wingu likipita tu unafunga duka."

"Nafunga, ndiyo. Fundi wangu anaamka mwenyewe, haombi chai, na jua likizama anakwenda zake. Nailoni inatoa jasho kwa ndani, mbao zinapata ubaridi wake, zinalala. Kesho tunaanza tena. Hatuna ugomvi."

"Umefika ngapi?"

"Kumi na sita."

"Basi na wewe andaa mkono wa kupeana."

Mama Boila alicheka na wenzake. Kisha alimwaga chai yake nyuma ya gogo, akarudi kwenye mashine yake.

Kulikuwa na koki mbili ukutani. Nyekundu ilipeleka mvuke ndani ya mabomba, ambako uliishia kupasha joto tu. Ya bluu ilipuliza mvuke wenyewe ndani ya chumba, ukazigusa mbao. Mtu asiyejua angesema hiyo ya bluu ni wazimu: unakausha mbao huku unazilowesha! Lakini marehemu alimwonyesha, siku moja kikombe kikiwa bado mkononi. Ubao hukauka ngozi kwanza. Ukiupelekea moto mkavu kwa pupa, ngozi inakakamaa na kuyafungia maji ndani. Baadaye ndani nako kunakauka, kunataka kusinyaa, ngozi haikubali, na ubao unabaki unavutana wenyewe kwa wenyewe, kimya, bila alama yoyote kwa nje. Mpaka siku utakapoupasua. Kwa hiyo unaupa mvuke kidogo kidogo njiani, na mwisho wa safari unaupa siku nzima ya mvuke mtupu. Hiyo marehemu aliita kuzinywesha.

"Usikaushe ubao kama unafukuza mwizi," alikuwa akisema, kisha anakohoa.

Siku tatu. Akiendelea na koki zote mbili, angefika kumi na sita, pengine kumi na tano. Aliketi juu ya gunia la maranda, akafunika uso kwa viganja.

"Baba uliye juu," aliomba, "wewe unaijua ile miguu, uliiumba wewe. Sikuombi makubwa. Sikuombi hata afya. Naomba tu nisimtoe yule mama kwenye bomba lake. Mimi nimpeleke wapi? Kwa nani? Nina nani?" Alisubiri. Moto ulipasuka pasuka ndani ya tanuru ya boila, feni zikaunguruma, basi. "Haya," alisema mwisho, na hakujua tena kama anaongea na Mungu au na yeye mwenyewe. "Haya."

Akainuka, akaifunga koki ya bluu. Akaifungua nyekundu mpaka ikagoma. Akapanua madirisha ya kutolea unyevu.

Alijua anachokifanya. Hilo ni lazima lisemwe, maana baadaye wapo waliotaka kumtetea kwamba hakujua.

Kuanzia hapo mshale wa mizani uliteremka kama ndoo iliyokatika kamba. Kumi na saba. Kumi na tano na nusu. Kumi na tatu. Kila alipopima alifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na ladha ya chuma mdomoni. Alikula amesimama. Alilisha boila mpaka nyusi zikaungua ncha. Mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, leo bomba limekuwa kali, mpaka nimekunja miguu," naye akamjibu, "Weka kitambaa, mama," akatoka haraka.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja alisali, akaingia tanurini, akachomoa ubao mmoja katikati ya rundo. Kwa macho ulikuwa mzuri. Haukuwa na ufa wala haukupinda, na ulipogongwa ulilia vizuri. Angeweza kuurudisha. Badala yake aliupeleka kwenye benchi, akakata kipande chembamba, na katika kipande hicho akatoa nyama ya katikati kwa msumeno mdogo, yakabaki meno mawili yaliyosimama, kama uma. Hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa akiziuliza mbao ukweli. Meno yakisimama wima, ubao umetulia. Yakiinamiana, ubao una ugomvi ndani.

Alipomaliza kukata, hakuhitaji kungoja. Meno yale yalisogeleana mbele ya macho yake mpaka ncha zikagusana, kama vidole vya mtu anayebana chawa.

Alikitazama kile kipande kwa muda. Kisha akafungua mlango wa tanuru, akakitupa motoni.

Ndani, mama mkwe alikuwa amekaa kitandani. "Umechoma nini?"

"Kipande tu, mama."

"Cha uma?"

Mama Boila alimsogezea kikombe.

"Mume wako alikuwa akiniletea hapa niviguse, macho yangu yalipoanza kuisha. Anasema, mama, pima. Nami napima kwa kidole." Bibi alinyoosha kidole chake kilichopinda. "Cha leo mbona hukuniletea?"

"Kunywa chai, mama. Inapoa."

"Mm," alisema bibi. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, na hakuuliza tena. Ingekuwa heri angeuliza.

Tajiri alifika saa tatu na kipima unyevu mfukoni. Alifuatana na Fundi Ngazi, mtu wa miraba minne aliyekuwa achukue mzigo wote kwa karakana yake ya ngazi. Fundi huyu alijulikana kwa jambo moja: kila ngazi aliyotengeneza aliipanda mwenyewe kwanza, akarukaruka. "Mimi sina mashine," alipenda kusema, akijipiga tumbo. "Kipimo changu ni hiki. Ngazi ikinibeba mimi, itashindwa kumbeba nani?"

Walianza kwenye kontena. Kipima kikasoma kumi na moja. Injinia akainamisha kichwa kama bwana harusi. Kwenye nailoni kikasoma kumi na nne. Bwana Nailoni alitikisa kichwa, akaanza pale pale kufungua kamba za kibanda chake, taratibu, kama anayemvua mtoto nguo.

Kwenye tanuri la matofali Tajiri alichoma sindano za kipima kwenye ubao wa kwanza, wa pili, wa tano. Akageuka na meno yote nje.

"Kumi na mbili! Mama Boila! Mama, wewe ni chuma kama boila yako! Unabaki. Haya, vijana, pakieni."

Watu walipiga makofi. Mwingine akapiga mluzi. Mama Boila alisikia mwili mzima ukilegea, kama mtu aliyetua mtungi kichwani. Amebaki. Bomba limebaki. Aliomba, na amepewa. Si ndivyo?

Ndipo Fundi Ngazi alipobeba ubao mmoja begani, akasema, "Hizi nzuri sana. Hizi nitafanyia ndefu, zile za watu wa nguzo za umeme."

Kwa sababu gani lilimjia Mama Boila jambo lile, hakujua. Alijiona amesimama mbele ya karai, anaosha vyombo, miaka sita nyuma, siku aliyofiwa, na mtu akaingia mlangoni bila kubisha hodi. Mtu aliyeingia bila hodi hakuwa amesema neno bado, lakini mikono ya Mama Boila ndani ya maji ilikwisha kupoa. Mahali fulani yupo mwanamke anaosha vyombo, aliwaza. Hanijui, simjui. Na mtu wake yuko juu, ngazini.

"Tajiri," alisema. "Zisipakiwe."

"Nini?"

"Mbao zangu. Zisipakiwe. Nilizinyima mvuke siku tatu. Sikuzinywesha."

Tajiri alicheka kidogo. "Mama, kipima kimesema kumi na mbili."

"Kipima kinasema maji. Ugomvi hakiujui. Nipeni msumeno."

Alikata mbele yao. Msumeno ulibanwa katikati ya ubao, ikabidi auchomoe na kuanza upya. Meno yalipoachiwa, yaliinamiana yakagusana.

Fundi Ngazi aliteremsha ubao begani. Akauweka chini polepole, akarudi hatua moja nyuma, kama kwamba ulikuwa umelala na sasa umefumbua jicho. "Ningepasua huu," alisema, "nikapata miguu ya ngazi. Ingenibeba leo. Mwezi ujao?" Akamgeukia Mama Boila. "Kata na zile nyingine."

"Za kwangu hazina haja," Injinia alisema. "Za kwangu ni za mashine."

"Kata, kijana."

Ubao wa umeme ukakatwa. Meno yaliinamiana pia, hayakugusana, lakini yaliinama, kila mtu aliona. Injinia alikichukua kile kipande mkononi, akakigeuza, akajaribu kuyanyoosha meno kwa kidole gumba. "Siku za mwisho niliongeza hita," alisema chini chini. "Mjomba alikuwa anakuja."

Ubao wa jua ulikatwa mwisho. Bwana Nailoni hakusogea, alikuwa na kamba mkononi. Meno yakasimama. Mama Boila alisubiri, akahesabu mpaka hamsini, akayagusa. Yalisimama wima kama watoto wawili mbele ya mwalimu.

"Zililala kila siku," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Jua likizama, ngozi inarudishiwa unyevu wake. Zinanyweshwa zenyewe."

Tajiri alikuwa amekaa juu ya gogo. Uso wake ulikuwa umefura. "Siku tatu ulijua," alimwambia. "Umeniangalia machoni asubuhi hii, ukanipokea, ukajua."

"Nilijua, Tajiri."

"Na ungenyamaza?"

"Nilishanyamaza. Nilikuwa nimeshakichoma cha kwanza."

Fundi Ngazi alikohoa, akauliza, kama anayeuliza njia, kama mbao zile zimekufa au kuna dawa.

"Dawa ipo," Mama Boila alisema. "Mvuke mtupu, siku nzima, leo mpaka kesho saa hizi. Za kwangu na za Injinia. Umeme wake hauna mvuke, na jua halina. Ni boila tu."

Tajiri alitazama boila, akatazama nailoni, akamtazama Fundi Ngazi, aliyekuwa akitikisa kichwa kuunga mkono. Aliposema, hakumtazama Mama Boila.

"Basi itakuwa hivi. Mbao zitakauka kwa jua. Nailoni, funga hizo kamba. Wiki nne badala ya tatu, sawa, ziwe nne. Kontena ni la mvua. Boila itawashwa siku moja tu kwa mzigo, kunywesha zile za kontena, na zile zenye ugomvi. Siku nyingine imezimwa. Sitaki maranda yateketee bure, na sitaki mtu wa kushinda hapo." Akainuka. "Chumba kaeni. Ni kwa ajili ya kazi ya siku hiyo moja."

Siku moja kwa mzigo. Mama Boila alifanya hesabu pale pale amesimama, na hesabu ilikuwa fupi. Bomba lingewaka siku moja, kisha wiki nne za ubaridi, kisha siku moja.

Injinia alikuja akibeba mbao zake mwenyewe, nne nne, mpaka mlango wa tanuri la matofali. Jasho lilimtoka. "Nipange vipi, mama?"

"Acha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao. Hivyo. Wewe una mkono mzuri."

Walipomaliza, alifunga mlango, akaipunguza koki nyekundu, akafungua ya bluu mpaka mwisho. Mvuke uliingia ndani kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi aliyoibana muda mrefu.

Chumbani, mama mkwe alinyoosha miguu yote miwili juu ya bomba.

"Nasikia zinakunywa," alisema.

"Zinakunywa, mama."

"Na uma?"

"Nitakuletea kipande kesho, ukipime kwa kidole."

"Umesema nao ukweli?"

"Nimesema nao."

Bibi alifumba macho. Ujoto ulikuwa unampanda, uso ulikuwa umeanza kufunguka mikunjo. "Basi Mungu ni mwema. Bomba leo ni tamu, mwanangu. Likikaa hivi hivi, wiki ijayo nitajaribu kusimama."

Mama Boila alikuwa ameshika beleshi mlangoni. Neno lilimfika mdomoni, hesabu ile fupi, siku moja na wiki nne. Alimtazama yule mama, vidole vya miguu vikichezacheza juu ya chuma cha moto. Akalimeza. Ukweli mmoja ulitosha kwa siku ile, na huu mwingine angeusema kesho, mvuke ukiisha. Alirudi kwenye tanuru, akatia beleshi la kwanza, na la pili, na la tatu, zaidi ya mbao zilivyohitaji.